Kimea, Subira na Kipimo



Katika majuma haya machache, baadhi yenu mmetuuliza, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho tu, kuhusu ndoo kubwa yenye mfuniko uliobanwa iliyowekwa kwenye kona ya jiko la nyumba ya mapadre. Tumeona ni heri tueleze wenyewe kabla habari haijafika Kibirizi ikiwa imekwisha kuongezwa chumvi. Ndiyo, ndani ya ndoo ile mlikuwa na pombe. Tena pombe nyeusi, nzito, yenye ladha ya kimea, ambayo sisi tulikuwa tukiitengeneza kwa mara ya kwanza katika maisha yetu. Na kwa kuwa kazi ile imetufundisha mambo tusiyoyapata seminari, tafakari ya juma hili itakuwa juu yake.

Chanzo chake ni hiki. Rafiki yetu mmoja aliyewahi kujitolea katika mji wetu, ambaye sasa anaishi kwao Uingereza, alitutumia zawadi ya sanduku. Ndani yake mlikuwa na kopo la kilo 1.7, pakiti ndogo ya chachu na karatasi ya maelekezo. Huko kwao watu wengi hujipikia bia nyumbani kwa namna hiyo. Zamani mtu aliyetaka kufanya hivyo alilazimika kuwa na leseni ya serikali, lakini sharti hilo liliondolewa mwaka 1963, na tangu hapo makopo ya namna hii yamekuwa yakiuzwa madukani kama yanavyouzwa maziwa ya unga. Kilichomo koponi ni kitu kama asali nyeusi, kizito, kinachonata, chenye utamu wa kwanza na uchungu wa baadaye. Mwanafunzi wa kazi hii hukiyeyusha kwa maji ya moto, huongeza sukari kilo moja, hujaza maji mpaka lita 23, hungoja kipoe, kisha hunyunyiza chachu juu yake na kufunika. Basi.

Tulipokuwa tukisoma karatasi ile kwa uangalifu mkubwa, alipita mama mmoja wa jumuiya zetu. Hatutamtaja jina, ila tuseme tu kwamba anaijua pombe ya mtama tangu alipokuwa binti mdogo kwa bibi yake. Alichovya kidole kwenye kopo, akalamba, akacheka.

"Padri, hiki ni kimea tu," alisema. "Kazi yote wamekwisha kuifanya wenzako. Wewe wamekuachia kungoja."

Neno lile lilituingia. Tukamwomba atufundishe ile kazi ambayo wenzetu walikuwa wamekwisha kuifanya, naye akakubali kwa sharti kwamba tusimpe maagizo. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimekolea, nyumba ya mapadre ikawa na vyombo viwili: ndoo ya kopo kutoka Uingereza, na mtungi wa mtama mwekundu tulioununua sokoni Mwanga.

Kimea ni nini? Ni punje iliyodanganywa kwa wema. Punje ya mtama, ya ulezi au ya shayiri imejaa wanga, ambayo ni akiba ya mche utakaozaliwa. Wanga huo haufai kwa chachu, kwa maana chachu hula sukari. Lakini punje ikiloweshwa maji hudhani kwamba mvua imenyesha, nayo huamka na kutengeneza vimeng'enya vya kuugeuza wanga wake kuwa sukari. Hapo ndipo mpishi huikatiza safari kwa kuianika juani. Mama yetu aliloweka mtama siku moja nzima akibadilisha maji, akautandaza juu ya gunia, akaufunika kwa majani ya mgomba, akawa anaunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya nne vimizizi vilikuwa vimetoka vyeupe kama ndevu za mzee. Baada ya kukauka, aliupura kati ya viganja vyake na kuupepeta hadi vimizizi na vichipukizi vyote vikaondoka. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba bibi yake alisema vina sumu. Bibi yule alisema kweli: vichipukizi vya mtama huwa na kemikali inayotoa sumu ya sayanaidi, na kuvipura na kuvipepeta ni ulinzi ambao wazee wetu waliujua kabla ya maabara yoyote kuuthibitisha.

Weusi wa bia ya kopo nao una maelezo yake. Sehemu ya shayiri hukaangwa katika moto mkali, unaozidi nyuzi 200, kama tunavyokaanga buni za kahawa, mpaka ikawa nyeusi na yenye harufu ya ukoko. Msidhani kwamba ladha hiyo ni ya Wazungu peke yao. Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya, wanapotengeneza busaa, hulichachua donge la unga wa mahindi na kulikaanga juu ya bati mpaka liwe la kahawia, kisha hulichanganya na maji na kimea cha ulezi. Na jirani zetu wa Burundi wana pombe yao ya mtama waiitayo impeke. Kumbe watu wa nchi za mbali, wasiojuana, waligundua karibu jambo lile lile: kwamba nafaka ikiamshwa, ikakaushwa na kupitishwa motoni, hutoa ladha ambayo punje mbichi haina.

Hata ziwa letu lina neno katika habari hii. Maji ya Tanganyika yana magadi kiasi. Kipimo chake cha pH hukaribia 9. Anayepika bia nyeupe kwa kutumia nafaka yenyewe angesumbuka na maji ya namna hiyo. Lakini kimea kilichokaangwa sana huwa na uchachu kidogo, nao hupatana na maji yenye magadi na kuyatuliza. Ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya miji kama London na Dublin, ambayo maji yake yana asili ya chokaa, ipate sifa kwa bia nyeusi. Kwa hiyo, maji yanayotoka bombani mwetu hapa Kigoma, ambayo hutoka ziwani, yanaelekea zaidi kwenye weusi kuliko kwenye weupe. Tuliyachemsha yote, bila kubakiza hata kikombe. Wakazi wa mwambao huu hawahitaji kukumbushwa kipindupindu. Mwaka 2015, pale Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamesongamana ufukweni, tuliona jinsi maji machafu yanavyoua.

Shida kubwa ya ndoo ilikuwa joto. Chachu ya bia hii hupenda nyuzi 18 hadi 21, nasi mchana wetu hupanda hadi 28. Ikipata joto kupita kiasi hufanya kazi kwa pupa na kuacha ladha mbaya. Hapo tena mama alitufaa. Alituambia tuiweke ndoo ndani ya beseni la maji na kuivika shuka kuukuu lenye ncha zinazogusa maji hayo, ili upepo uyakaushe. Ni hekima ile ile ya mtungi wa maji ya kunywa unaotoa jasho na kubaki baridi. Kipimajoto chetu kilishuka hadi nyuzi 22, nasi tukashukuru.

Mtungi wa mtama ulikwenda kwa mwendo wake. Mama alipika uji mzito, akauacha upoe hadi mkono uweze kuuvumilia, akakoroga unga wa kimea ndani yake. Dakika chache baadaye uji uliokuwa umesimama kama ugali ulilegea na kutiririka. Tuliduwaa. Usiku ule ukaanza kuwa mkali, na kesho yake akaongeza kimea kingine pamoja na machicha kidogo aliyokuwa ameyahifadhi kutoka katika pombe iliyotangulia. Hakuwa na pakiti ya chachu. Chachu yake ilikuwa ndani ya machicha yale, ikirithishwa kutoka mtungi hata mtungi. Siku ya tatu ilikuwa tayari.

Wakati tukingoja ndoo, tulisoma. Louis Pasteur alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya bia, akionyesha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, na kwamba pombe huharibika pale viumbe wengine wasioalikwa wanapoingia. Wamonaki Watrapisti wa Scourmont huko Ubelgiji walianza kupika bia ya Chimay mwaka 1862, na mwaka 1948 mmoja wao, Padre Théodore, alifaulu kutenga chachu ambayo bia hiyo inaitegemea. Tena abasia hiyo hiyo ndiyo iliyozaa monasteri ya Mokoto katika Kivu, mwaka 1954, si mbali sana kutoka kwetu. Kanisa halijawahi kuiona bia kuwa najisi. Kitabu cha zamani cha ibada za Kiroma kina sala maalumu ya kubariki bia. Hata hivyo, kwa wale waliotuuliza kwa utani, tujibu bila utani: Misa haiwezi kuadhimishwa kwa pombe ya mtama wala kwa bia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai divai halisi ya tunda la mzabibu.

Mpaka hapa, ndugu wapendwa, habari ni tamu. Lakini pombe haiishii jikoni, nasi tusingekuwa wachungaji wenu kama tungeishia hapo.

Mama huyu ni mjane. Kwa miaka mingi amelipa ada, sare na madaftari ya watoto wake kwa mitungi miwili kila juma. Jioni moja, akiwa anapepeta kimea, alitueleza jambo ambalo bila shaka ndilo lililomfanya akubali kutufundisha. Katika jumuiya yake yuko mama mwingine, mke wa fundi. Fundi huyo hupitia kwake kila alipwapo, na mara nyingi hutoka pale bila kitu mfukoni. Wanawake hao wawili husali Rozari katika nyumba moja, wakikaa mkeka mmoja.

"Padri, nikiacha, watoto wangu watasoma kwa nini?" aliuliza. "Nikiendelea, yule mwenzangu nimtazame kwa macho gani? Wewe unapika kwa kujifunza. Mimi napika kwa kula."

Hatukuwa na jibu la haraka, na tunaamini kwamba jibu la haraka lingekuwa dhuluma. Ni rahisi kusema kutoka mimbarini kwamba mpika pombe afunge mtungi wake. Lakini mimbari hailipi ada. Ni rahisi vile vile kusema kwamba kila mnywaji ni mtu mzima na atajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Lakini watoto wa fundi wanaolala na njaa hawakuchagua lolote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuchambua ulevi peke yake na kiasi katika kunywa peke yake, kama fadhila inayosimama kwa miguu yake. Naye Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliwawekea wamonaki hemina moja ya divai kwa siku, lakini alifanya hivyo kwa kusitasita, akitambua kwamba ni vigumu mtu kumpangia mwenzake kipimo.

Kipimo! Kwenye kazi ya kopo kuna chombo cha kioo kinachoelea, haidromita. Siku ya kwanza ndoo yetu ilionyesha 1.040, siku ya kumi ilisimama kwenye 1.010 na haikushuka tena. Tofauti ile humwambia mpishi kwamba bia ina kilevi cha takriban asilimia 4. Mtungi wa mtama hauna haidromita, na wala kata ya mnywaji haina. Tulimwonyesha mama chombo kile. Alikitazama kwa muda, kisha akasema kwamba kipimo anachokihitaji yeye si cha pombe bali cha wanywaji.

Baada ya siku chache alirudi na uamuzi wake mwenyewe, hatukumwandikia sisi. Hatakopesha tena pombe hata kwa nduguye. Jua likizama, mtungi unafunikwa. Kijana asiyetimiza miaka 18 hapewi hata akisema ametumwa. Na fundi yule hatauziwa mpaka iwe imejulikana kwamba unga umefika nyumbani kwake. Alikwenda pia kuulizia leseni, kwa maana sheria ya vileo ya mwaka 1968 inaidai kwa anayeuza. Tulimwongezea jambo moja tu tulilolisoma: unga wowote wenye ukungu, au ulioloa na kukauka tena, asiuguse, hata ukiwa wa bei ya bure. Mwezi Januari 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na uchunguzi ulionyesha sumu ya bakteria waliokuwa wameota katika unga wa mahindi ulioharibika. Na hapa kwetu, mwaka 2016, sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuziondoi sumu hizo.

Je, mambo yamekuwa mema? Tuseme ukweli. Wateja wamepungua, na fedha imepungua nao. Baadhi wamehamia kwa mpishi mwingine asiye na masharti, na fundi naye ameonekana huko mara mbili. Lakini lipo jambo dogo lililozaliwa. Miaka ya 1980, wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya nchi yetu walifundisha kwamba kijiko cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito wa mtoto huulainisha bila kuuongezea maji, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo hula chakula kingi kwa mlo mmoja. Ni muujiza ule ule tuliouona jikoni. Sasa mama huuza kimea kwa ajili ya uji katika vifuko vidogo, na siku ya Jumapili huuza togwa ambayo haijaanza kulevya. Bado haijafikia mapato ya mitungi. Juma lililopita mke wa fundi alinunua vifuko viwili. Hawakuzungumza mengi, tunavyosikia. Lakini alinunua, akalipa, na akarudishiwa chenji yake.

Na ile bia yetu? Tuliijaza katika chupa 42 za nusu lita, zilizooshwa kwa maji yanayochemka, tukaweka gramu 6 za sukari kwa kila lita ili ipate povu, wala si zaidi, kwa sababu chupa yenye sukari nyingi hupasuka kama bomu. Ikakaa gizani majuma matatu. Ilitoka nyeusi kama kahawa, yenye povu la rangi ya mchanga wa ufukweni, na ladha ya mkate ulioungua kidogo pembeni. Mama alikunywa robo glasi, akasema ni nzuri ila ina haraka ya kumalizika mdomoni, mtama hukaa.

Wengine mlipendekeza igawiwe siku ya somo wa parokia. Tumeamua hapana. Siku ile uwanja wetu hujaa watoto, hujaa wake na waume waliojeruhiwa na ulevi wa nyumba zao, na wengine wanaopigana kimya kimya na ulevi wao wenyewe. Aidha, huja majirani zetu Waislamu wa Ujiji, ambao kila mwaka hutuletea viti na kukaa nasi mezani. Tunataka waweze kunyoosha mkono kwenye kikombe chochote bila kuuliza kilichomo. Kwa hiyo siku ya somo itanywewa togwa, na mpishi wake mnamjua. Chupa zile tutazifungua chache chache, pamoja na watu wazima wanaoweza, baada ya kazi, na kwa kipimo.

Uhuru wa kunywa ni wetu kweli. Lakini Mtakatifu Paulo, aliyemshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, ndiye yule yule aliyewaambia Warumi kwamba ni vema kuiacha ikiwa inamkwaza ndugu. Hakujipinga. Aliwatazama watu wawili tofauti, akampa kila mmoja kinachomfaa.

Juma hili basi, tunawaomba mambo mawili. Wewe unayekunywa, kabla hujaketi, hesabu waliobaki nyumbani na ujiulize kama wamekula. Nawe usiyekunywa, usimhukumu yule anayepika mpaka umeuliza watoto wake wanasomeshwa na nani. Na ukiweza, nunua kifuko cha kimea.

Mungu mwenye rehema awabariki ninyi nyote, awalinde wavuvi wetu ziwani, na azipe nyumba zetu amani na kiasi. Amina.

Ni sisi, Paroko wenu.